Samaki wa Nasieku

Maji ya dimbwi yakikaa siku tatu ndani ya kioo hutoa harufu yake ya pekee: tope, majani yaliyolowa, na kitu kama chuma kilichoshika kutu. Harufu hiyo ilijaa barazani kwetu Msowero masika ya mwaka niliokuwa darasa la tano, wakati mimi na Nasieku tulipotengeneza tangi la samaki. Nasieku alikuwa binti wa Kimaasai, tulikaa dawati moja. Baba yangu alilima mahindi na ufuta. Baba yake alifuga ng'ombe, na boma lao lilikuwa ng'ambo ya njia ya mikokoteni, karibu kiasi kwamba asubuhi nilisikia kengele za ng'ombe wao nikiwa bado kitandani. Wazazi wetu walisalimiana kwa adabu na kuangaliana kwa wasiwasi. Sisi mambo hayo hayakutuhusu.

Tangi lilitoka kwa mjomba Rashidi, kaka yake mama, aliyekuwa fundi wa madirisha pale Dumila. Alikuwa amebakiwa na vipande vya kioo, akaviunganisha kwa silikoni na kuja navyo juu ya gari la nyanya, amelipakata tangi lile kama mtoto mchanga. "Usitie maji mpaka kesho kutwa," aliniambia, "na likivuja usinitafute." Halikuvuja. Mimi kwa haraka zangu nilimimina maji ya bomba, nikatia mchanga wa mtoni ambao sikuuosha, na visamaki sita nilivyovua na kipande cha chandarua. Kufikia jioni vyote vilikuwa vinaelea ubavu. Nililia. Nasieku alikuja kesho yake akachungulia, akanusa maji, akaniuliza kama dimbwi lina bomba.

Ni yeye aliyejua. Siku za mapumziko alichunga ndama, na kazi hiyo ilikuwa imemfundisha kila dimbwi la upande ule: lipi hukauka mapema, lipi lina ruba, lipi lina samaki. Tulianza upya kwa mpango wake. Chini tukatandaza udongo mweusi wa dimbwini, juu yake mchanga tuliousuuza mpaka maji yakatoka meupe. Tukapanda majani membamba kama nywele, na yungiyungi moja changa ambalo mizizi yake tuliikandamiza kwa jiwe. Tukajaza maji ya mvua, tukaliweka tangi pembeni ambako jua halifiki, kisha akanikataza kutia samaki mpaka maji yatulie. Siku zile za kungoja zilinitesa. Maji yalikuwa kama chai ya maziwa, halafu siku moja nilirudi kutoka shule nikakuta yamekuwa angavu, na vipovu vidogo vimeshika kwenye majani. Nilikimbia mpaka bomani kwao kumwita, nikasahau hata kumwamkia mama yake. Nasieku akanirudisha mlangoni kwa mkono. "Msalimie kwanza." Nikainama nikasema shikamoo, mama yake akaitikia marahaba huku akicheka.

Tulijifunza kwa kukosea. Perege mdogo tuliyemtoa mtoni aling'oa mimea yote usiku mmoja, tukamrudisha. Kambare mwenye urefu wa kidole alimeza wenzake wawili. Waliotufaa walikuwa visamaki vya kwenye madimbwi ya masika, ambavyo kijijini hakuna aliyehangaika kuvipa jina: madume yana magamba ya buluu na mkia mwekundu kama pilipili iliyoiva. Tulivilisha viluwiluwi vya mbu tulivyokinga kwenye kopo. Baba, ambaye mwanzoni alisema naleta mbu nyumbani, alianza kuketi mbele ya tangi lile akirudi shamba, kabla hata ya kunawa. Mara moja nilimkuta yeye na Nasieku wamechuchumaa pamoja, anamuuliza samaki yupi ni yupi, naye anamwonyesha kwa kidole bila woga. Sijawahi kumwona baba akimsikiliza mtoto namna ile.

Lakini tulikuwa na madume matupu, na yalipigana mpaka mapezi yakachanika. Nikang'ang'ania tupate majike. Jumamosi moja alasiri nilimkuta Nasieku na ndama saba kwenye majani kando ya shamba la jirani yetu, mzee Kibwana. Dimbwi lilikuwa bondeni, hatua chache tu.

"Siwezi kuwaacha," alisema.

"Dakika kidogo tu. Wewe ndiye unayewatambua majike, mimi siwaoni."

Aliwatazama ndama, akanitazama mimi, akaja. Tuliingia majini mpaka magotini, kila mtu ameshika upande wake wa chandarua. Tulipata jike wa kwanza, wa kijivu, mnene, halafu wa pili, na mimi ndiye niliyesema tutafute wa tatu. Tulipopanda juu, ndama hawakuwapo. Nasieku alitupa chandarua akakimbia. Mimi nilichukua ndoo yangu nikapita njia nyingine kwenda nyumbani. Nilikuwa nawatia samaki tangini niliposikia kelele za wanaume kutoka shambani.

Ndama walikuwa wamekula na kukanyaga mahindi ya mzee Kibwana, na mwaka huo watu walikuwa na hasira za zamani. Asubuhi yake kikao kilifanyika nje ya ofisi ya kijiji. Walikuwapo wakulima na majembe yao, baba na mzee Kibwana kati yao, na wafugaji na fimbo zao. Wakulima walisema ndama wameingizwa makusudi, kama kawaida. Baba yake Nasieku alikana, mpaka sauti ikamkauka. Mwenyekiti akamwita Nasieku mbele.

"Wewe mtoto, ulikuwa wapi?"

"Dimbwini."

"Ukifanya nini?"

"Navua samaki."

Watu wakaguna. Mmoja akapaza sauti kwamba tangu lini Mmaasai akavua samaki, na wengine wakacheka kwa ubaya. Mwenyekiti akamuuliza alikuwa na nani. Nilikuwa nimesimama nyuma ya mama, nimeshika ncha ya kanga yake. Nasieku alinitafuta kwa macho akanipata. Neno moja langu lingetosha: wangejua kwamba ni mchezo wa watoto. Nikajificha nyuma ya kanga ya mama.

"Peke yangu," alisema.

Baba yake alimchapa fimbo pale pale, mbele yetu sote, naye hakulia. Ikaamuliwa kwamba wahame upande ule. Siku ya nne asubuhi hapakuwa na kengele. Nilikwenda bomani nikakuta majivu na ua wa miiba ulioachwa wazi. Dawatini nilikaa peke yangu mpaka mwaka ulipokwisha. Samaki niliwarudisha dimbwini siku ile ile nilipokuta majivu, na tangi nikamwambia mjomba aje alichukue. Hakuna aliyeniuliza kwa nini.

Sasa nafundisha baiolojia katika sekondari mjini Kilosa. Treni ya umeme inapita, na wanafunzi wangu wanaona kwenye simu matangi yenye taa na pampu, mapana kama kitanda. Mwezi uliopita waliniomba tutengeneze la kwetu, la samaki wa hapa hapa. Nilikubali, na Jumamosi nikaenda Msowero kuangalia kama madimbwi yapo. Nikamkuta baba anapukuchua mahindi. Nikakaa karibu yake, nikamweleza yote, kwa mara ya kwanza tangu utoto wangu.

Hakuinua macho. "Nilijua," alisema. "Mzee Kibwana aliwaona nyote wawili majini. Alinijia jioni ile, kabla ya kikao. Nikamwomba anyamaze."

"Kwa nini, baba?"

"Ulikuwa mwanangu. Ningekusimamisha mbele ya watu wenye hasira vile?"

"Naye alikuwa mtoto wa mtu."

Baba aliacha kupukuchua. Akaweka gunzi chini, akasema polepole kwamba kila akimkumbuka Nasieku, anamkumbuka alivyochuchumaa naye barazani, na kwamba yeye pia hajui walikohamia.

Mahali palipokuwa boma lao pamelimwa ufuta. Siku hizi mtu hutafutwa kwa simu na kupatikana kabla chai haijapoa. Nimewatafuta akina Nasieku wengi, na hakuna aliye wangu. Miaka yote hii nilidhani siri ile naibeba peke yangu. Kumbe asubuhi ile nje ya ofisi tulikuwa watu wanne tulioujua ukweli, wawili wakiwa watu wazima, na aliyefungua mdomo ni mmoja tu, akadanganya ili aniokoe.