Nyenje Mpya

Siku hizi neno "mpya" linanichukiza. Sisi tunaochunguza wadudu huliandika tukipata mdudu asiye na jina vitabuni. Nilimshika nyenje wa aina hiyo, dume mmoja, kwenye msitu wa bondeni chini ya shamba letu Embu, nikamtia kwenye kichupa cha spiriti. Niliporudi kutoka Nchiru, ninakofundisha, kutafuta wengine, nilikuta visiki na miche ya majani chai.

Nilipanda hadi jikoni kwa mama, nikaiwasha sauti ya yule nyenje niliyokuwa nimeirekodi kwa simu. Mama alichukua birika la maji moto, akainama kummwagia nyuma ya jiko. Nikamwambia ni simu tu, na huyo ni nyenje mpya.

Aliliweka birika chini, akasikiliza hadi mwisho.

"Mpya wapi," akasema. "Huyo tulikuwa tunamsikia tukitoka kuchuma kahawa, kabla hujazaliwa. Nilidhani waliisha."

Nikamweleza kwamba nimebaki na yule wa kwenye kichupa tu, na kazi yangu sasa ni kumpa jina.

"Na ukimwita," mama akauliza, "nani ataitika?"