Mayai Chini ya Gunia Lililolowa

Kambare wangu walikuwa wadogo kama kidole gumba, wenye sharubu fupi, kazi yao kupekua mchanga siku nzima. Niliwatoa Nairobi ndani ya mfuko wa maji nilioupakata njia nzima. Nyumbani Garissa, ayeeyo, yaani nyanya yangu aliyekulia kwa wafugaji wa ngamia, alilitazama tangi la kioo akauliza kama hawa watakamuliwa au watachinjwa. Nikamwambia ni wa kutazamwa tu. Alicheka mpaka akakaa chini.

Asubuhi moja nikakuta vidoadoa kwenye kioo. Nilikuwa nimeshashika kitambaa nivifute, ndipo nikamwona jike amebana yai jingine kwa mapezi ya tumboni, analipandisha, analibandika. Moyo ulinipiga. Mayai, chumbani kwangu, chini ya mabati.

Wenyewe huyala mayai yao, kwa hiyo niliyabandua kwa kidole nikayatia kwenye ndoo ndogo. Lakini joto letu hulijui. Maji yakawa vuguvugu kama ya kuoga, na yai moja baada ya jingine likageuka jeupe, likaota ukungu kama pamba. Hakuna lililopona. Nililia, sitaficha.

Jike alipotaga tena niliogopa hata kufurahi. Nikamweleza ayeeyo kwamba joto ndilo linaloyaua. Safari hii hakucheka. Alitafuta gunia kuukuu, akalilowesha, akaizungushia ndoo ya mayai kama walivyopoza maji ya kunywa malishoni, akaiweka mlangoni panapopita upepo. Nikiwa kazini sokoni, yeye kila akimaliza kutawadha alilimiminia gunia maji.

Machache yaliharibika, nikayatoa. Yaliyobaki yakawa na rangi ya chai, kisha ndani ya kila moja vikatokea vitone viwili vyeusi. Macho. Yalikuwa yananitazama kabla ya kuzaliwa.

Nikamwita ayeeyo. Tuliinama vichwa vikigusana. Yai moja likatikisika, likapasuka, mkia ukachomoka, na kitu chembamba kama kope kikashuka hadi chini ya ndoo. Kilikuwa kiangavu hata tukauona moyo wake ukipiga.

"Mashallah," ayeeyo alinong'ona. "Na moyo kimepewa."

Kisha akainuka, akachukua kamba, akaenda kumfunga mbuzi wake mbali na mlango, asije akainywa ile ndoo.