Usukani Umekuwa Mzito

Mzee Yaw Nimako alikuwa dereva wa gari la maiti mjini Kumasi, na kama kuna mtu aliyejua kuringa huku amekaa tu, basi ni yeye. Akifika kijiweni hashuki. Anateremsha kioo, anaweka kiwiko dirishani, anangoja asalimiwe. Na madereva walimsalimia kweli, maana alikuwa mwenyekiti wao, na kazi yake aliijua. Maiti aliyebebwa na Nimako hatikisiki. Kuna vikongwe walioacha wosia kabisa kwamba siku yao ikifika aitwe yeye na si mwingine, kwa sababu hawa vijana wanaendesha kama wamepakia mihogo.

Kisha ule mzunguko mkubwa wa barabara kaskazini mwa mji ukabomolewa. Tulikula vumbi mpaka tukasahau ladha ya hewa, na siku kazi ilipokwisha tukakuta barabara zimepanda juu ya barabara, nyingine zimejikunja, nyingine zinapita chini ya tumbo la nyingine. Madereva wakapaita Utumbo. Jina likanasa palepale.

Wapo waliofurahi, maana foleni ilikufa. Lakini wengi waliona cha moto. Zamani ukitaka kwenda kushoto ulikata kushoto, kwisha habari. Sasa ili uende kushoto unaanza kwa kukata kulia, unajizungusha chini ya daraja, ndipo unaibukia unakotaka. Ukikosea huna pa kugeuzia, unapelekwa tu. Abiria wa Kronum walishushwa Tafo huku wakitukana. Dereva mmoja wa basi alisimamisha gari katikati ya daraja akashuka kuuliza njia, kana kwamba yuko sokoni anaulizia bei ya nyanya.

Atta Poku, kijana wa teksi, yeye alipotea humo na posa nzima: mashangazi wa bwana harusi wamevaa wakapendeza, vinywaji vya ukweni viko kwenye buti. Walifika wenyeji wameshaanza kukunja viti. Mzee Nimako alipoisikia habari hiyo alicheka mpaka akapangusa machozi, kisha akamwita Atta mbele ya kijiwe kizima.

"Umezaliwa hapa, unapotea hapa? Wewe si dereva bwana, wewe ni mtalii. Katafute kofia ya jua."

Basi Atta akawa Mtalii. Wenzake walimwita hivyo, wauza chai wakamwita hivyo, mwishowe hata abiria. Mwanzoni alicheka pamoja nao. Baadaye akawa haji kukaa kwenye benchi, anabaki ndani ya teksi yake anafuta kioo.

Na sasa niseme jambo ambalo hakuna aliyelijua. Mzee Nimako mwenyewe alikuwa hajawahi kukanyaga Utumbo. Hata siku moja. Akiwa na safari ya kule alipenya uchochoroni kwenye magereji ya Suame, katikati ya injini zilizofunguliwa na madimbwi ya oili, akatokea upande wa pili na kuingia barabarani kama mtu aliyepita juu na wengine. Aliogopa. Vibao hakuvitazama, alisema vibao ni vya wageni. Angeweza kwenda alasiri moja akajifunza, lakini je, akionekana? Mwenyekiti anajifunza njia? Alikuwa tayari kufa na tai shingoni.

Akafariki Eno Pinamang, bibi wa ukoo mkubwa wa Kronum. Alifia Tafo, nyumbani kwa binti yake wa mwisho, Akua Birago, aliyekuwa amemuuguza. Akua ndiye aliyekuja mwenyewe kijiweni kumchukua dereva. Alisimama dirishani macho yamevimba.

"Mama alisema uje wewe, Mzee. Alisema hataki kutikiswa."

Mzee Nimako akavimba kichwa. Akaahidi kwamba mama atasafiri kama amelala kitandani kwake.

Jumamosi alfajiri alikuwa mochwari gari linang'aa. Alishapanga kupita magereji kama kawaida yake. Lakini alipogeuka akaona waombolezaji wamekodi mabasi mawili marefu, yamefungwa vitambaa vyekundu kwenye vioo vya pembeni, na nyuma yake kuna pikapu. Mabasi yale yasingepita uchochoroni hata kwa kusukumwa. Na juu ya hapo, kaka wa marehemu, Nana Ntiamoah, mkuu wa ukoo, akamjia na kumwambia wapite barabara mpya ili mji uone msiba wao. Mzee Nimako akajibu hakuna shaka.

Akawasha king'ora. Walipofika Utumbo mikono ikakata kushoto, kama ilivyozoea maisha yake yote, gari likapanda daraja, likazunguka, likawarudisha walikotoka. Akajaribu tena. Safari hii alikata kulia mapema mno, akashukia chini ya daraja mbele ya kijiwe kingine cha teksi. Madereva wakavua kofia kwa heshima ya marehemu. Akazunguka, akapita palepale tena. Waliokuwa wamezivaa kofia wakazivua upya. Alipopita mara ya tatu hakuna aliyevua, walikuwa wanatazamana. Kibao cha Kronum kilikuwa juu yake, herufi zake kubwa kama mbuzi, lakini jasho lilikuwa limemwingia machoni na mabasi yanamsukuma kwa nyuma. Akashika njia iliyokuwa mbele yake, ikamtema Tafo. Alipopata mahali pa kusimama akasimama.

Mwanamke mmoja ndani ya basi akapiga yowe. Gari la maiti lilikuwa limesimama mbele ya geti la Akua Birago.

Nana Ntiamoah akashuka, akaja mpaka dirishani, ameshikilia nguo yake nyeusi isiburute.

"Nimako, kuna nini?"

Neno moja lingetosha. Nimepotea. Mtoto mdogo angeweza kulisema. Lakini Mzee Nimako alitazama kwenye kioo, akaona vichwa vimejaa kwenye madirisha ya mabasi yote mawili, vyote vinamtazama yeye, na ulimi ukamtoroka.

"Usukani umekuwa mzito, Nana."

Kwa sisi Waasante wa Kumasi huhitaji kumaliza sentensi. Enzi za mababu maiti alibebwa vichwani mwa wanaume, na ilisemwa huwavuta mpaka kwa mtu aliyemtendea ubaya, akamgonge kifuani. Jambo hilo lilipigwa marufuku kabla wazazi wetu hawajazaliwa, ila vichwa vya watu havikupigwa marufuku. Dereva wa maiti hasemi usukani ni mzito hivihivi. Mzee Nimako alilijua hilo kuliko mtu yeyote katika msafara ule. Alijiambia moyoni kwamba hajamtaja mtu, amesema usukani tu. Uongo mtupu.

Pombe ikamiminwa chini pale getini, marehemu akabembelezwa aendelee na safari. Akua alikuwa ameshuka kwenye basi la pili. Alisimama peke yake analitazama geti lake, na watu waliokuwa wamemshika mikono tangu mochwari walikuwa wameshamwachia.

Hapo honi ikalia mbele. Ilikuwa teksi ya Atta Poku. Mkono wake ulitoka dirishani ukaashiria taratibu, nifuate. Mzee Nimako akamfuata, wakapita kwenye uwazi mdogo, wakapinda chini ya daraja, na Kronum ikatokea mbele yao kirahisi kabisa. Atta akaenda zake bila kugeuza shingo.

Nyumbani kwa ukoo mwili ukaoshwa, ukavalishwa, ukalazwa kwenye kitanda cha shaba. Mzee Nimako akawekewa fufu ya mihogo iliyotwangwa na supu ya mbuzi chini ya turubai. Wanaume wakawa wanakuja mmoja mmoja kumpa pole kwa aliyopambana nayo. Mmoja akasema kwamba angekuwa dereva kijana, gari lingeshapinduka. Sifa alizipenda huyu mzee, jamani, alizipenda kuliko nyama, lakini siku ile kila sifa ilimfanya asukume bakuli la fufu mbali kidogo.

Kisha akasikia wazee wameamua nini. Akua aondolewe pale kitandani, kichwani kwa mama yake. Asiende makaburini. Msiba ukiisha apelekwe akaape mbele ya mizimu kwamba hakumdhuru mama yake, na akikataa, ukoo haumjui tena. Mzee Nimako akatazama upande wa jikoni, akamwona binti amekaa kwenye kigoda, mikono mapajani, halii. Yule aliyemlisha mama yake kwa kijiko na kumgeuza kitandani, ndiye amewekwa na masufuria. Ndugu zake wa tumbo moja walikuwa wanapita mbele yake kana kwamba pale hakuna mtu.

Mzee Nimako akaona aibu mpaka masikio yakamwaka. Akamfuata Nana Ntiamoah pembeni, akamwambia kwa sauti ya chini kwamba hakuna usukani wala nini, yeye alipotea.

Nana akamwekea mkono begani. Alikuwa karibu kutabasamu.

"Una moyo mzuri, Nimako. Unamhurumia binti. Lakini upotee wewe? Angeniambia mtu mwingine ningeamini."

Akaapa. Nana akampigapiga bega na kumwambia akapumzike, amechoka. Ikawa hivyo: maringo yote yale ya miaka nenda rudi yalikuwa yamesimama mlangoni, ukweli haupiti.

Muda ulikuwa unakwenda, jeneza limeshaletwa. Mzee Nimako akatoka, akawasha gari tupu, akaenda kijiweni. Kwa uchochoro wa magereji, maana hata sasa Utumbo aliuogopa. Alipofika akafungua mlango na kushuka. Benchi zima likamgeukia, hawakuwahi kuiona miguu yake pale. Akaenda mpaka kwenye teksi ya Atta, akamwomba waende Kronum akaseme alichokiona asubuhi.

Atta aliendelea kufuta kioo.

"Niliona nini, Mzee?"

"Uliona nimepotea."

"Sikusikii vizuri. Magari ni mengi."

Walikuwa wanasikia wote. Mtu mmoja kule nyuma alikuwa ameshaanza kucheka puani.

"Nimepotea," akasema Mzee Nimako kwa sauti. "Sikuwahi kupita humo, naogopa. Mtalii ni mimi, Atta. Kuna binti wa watu anaangamia kwa sababu yangu."

Aliyekuwa anacheka akaacha. Hilo lilimuuma mzee zaidi, angependa wacheke. Atta akatupa kitambaa ndani ya gari na kuwasha.

Walifika jeneza linakaribia kufungwa. Mzee Nimako akasimama katikati ya ua, mbele ya nguo nyeusi na nyekundu zote zile, akarudia aliyoyasema kijiweni. Kisha Atta akaeleza. Aliliona gari likizunguka pale chini ya daraja, akaona dereva anatafuta njia kama yeye mwenyewe alivyoitafuta siku ya posa, akalifuata mpaka Tafo.

"Na mimi siku ile sikuwa nimebeba maiti, wazee wangu. Nilibeba mashangazi."

Ua mzima ukaguna. Nana Ntiamoah hakugeuka kumtazama Atta. Alikuwa anamtazama Nimako.

"Sasa kwa nini uliniambia usukani ni mzito?"

"Niliona aibu, Nana."

"Aibu ya nini?"

"Ya kupotea."

"Ya kupotea," Nana akarudia polepole. Bibi mmoja akasonya, sonyo refu, na Mzee Nimako akalipokea lote akiwa ameinamisha kichwa.

Akua akainuka jikoni. Akapita katikati ya watu, nao wakampisha, akaenda kukaa kichwani kwa mama yake na kumnyooshea nguo. Hakuna aliyemwomba radhi. Wazee walikumbuka ghafla kwamba viti havijapangwa vizuri.

Wakati wa kwenda makaburini Nana akaamuru teksi itangulie na gari la maiti lifuate nyuma yake. Kila mtu alisikia. Na Akua alipoulizwa atapanda gari gani, akaenda kufungua mlango wa mbele wa gari la maiti, akaketi karibu na Mzee Nimako.

Waliondoka. Mama yake alikuwa nyuma yao, na kweli hakutikisika. Mzee Nimako alijikaza mpaka walipofika barabara kuu, ndipo akasema bila kugeuza uso, "Binti yangu, nisamehe."

Akua akajibu kwa sauti ya mtu aliyechoka tu.

"Nilijua sijamkosea kitu, Mzee. Nilijua kabisa. Lakini nikasema, mama mwenyewe ndiye kaja mpaka getini kwangu, hawezi kunisingizia. Basi nikakaa pale jikoni natafuta nilimfanya nini. Siku niliyomjibu vibaya. Uji niliompa wa baridi. Usiku aliokuwa ananiita nikajifanya nimelala."

Akafuta uso kwa pindo la nguo yake nyeusi.

"Nimepata, Mzee. Nimepata mengi."

Teksi mbele yao ikawasha indiketa ya kulia, naye Mzee Nimako akawasha ya kwake.