Waya wa Breki za Kaka

Wajukuu zangu wanapiga magita ya kelele, wanasema ni roki. Nawaambia kelele hizo nilizipiga mimi Ilembo miaka ya sabini, na zilianzia kwenye baiskeli ya kaka yangu. Wanacheka. Wacheke tu, meno ni yao.

Nilichonga gita la mninga, nikakosa nyuzi. Baiskeli nyingi enzi zile zilikuwa na breki za vyuma. Ya kaka ilikuwa na za waya, nami nikachomoa waya wote nikaufumua uzi mmoja mmoja. Nilikusudia kumwambia. Sikumwambia, ndiyo kweli yenyewe.

Asubuhi kaka akaiongoza baiskeli kwa mkono mpaka Mwese kuchukua asali, maana kwenda ni mlima mtupu. Kurudi, ule mteremko, breki hakuna. Alirukia korongoni kwenye kona. Debe la asali likapasuka, mguu ukavunjika, na nyuki wakamfuata hukohuko chini kama wenye mali.

Alipotoka hospitali hakunisemesha. Nikimpelekea maji ya kuoga, anayamwaga. Tukila, ananipa mgongo. Masika yakaja, yakapita.

Mama akaniambia, "Nyie mmenyonya ziwa moja. Muombe radhi."

"Nimeomba, mama. Hanisikii."

"Basi muombe kwa hilo dude lako lililomvunja."

Nikaanza kutunga. Kwanza niliweka samahani kaka, samahani kaka. Ikawa kama tupo kanisani siku ya toba, nikayatupa maneno hayo. Nikaamua kuimba mteremko wenyewe: taratibu kule juu, kisha mbio, kisha kelele. Gita nililiunga kwenye redio ya betri yenye spika iliyochanika, likanguruma kama mzinga uliopigwa teke. Sikutengeneza ile spika. Ilikuwa inasema kweli kuliko mimi.

Nikapiga uani, mchana. Kaka kakaa kwenye kigoda, mguu kaunyoosha, mgongo kanipa. Nilipofika kwenye kona nikamwaga kelele zote nilizokuwa nazo.

"Acha!"

Neno la kwanza kuniambia tangu aanguke. Nikaacha.

"Muongo wewe," akasema, bado hajageuka. "Hukuwepo. Pale kwenye kona sikusikia kitu. Nilipokuwa hewani kulikuwa kimya. Kelele zilianza debe lilipotua."

"Nirudie, kaka?"

"Rudia. Kwenye kona unyamaze mpaka nikwambie."

Nikarudia. Kwenye kona nikazibana nyuzi zote kwa kiganja. Kimya. Mama kasimama mlangoni na mwiko wake. Kimya kikawa kirefu, na hapo ndipo kaka alipogeuza kigoda, taratibu, akanitazama usoni. Alinitazama sana. Kisha akachapa ndoo iliyokuwa kando yake kwa mkongojo wake, paa!

"Sasa debe, mjinga we! Piga!"

Tulipoupeleka wimbo dansini mjini, Majengo, tukifika pale penye kimya watu walidhani gita limeharibika, wakaanza kuzomea. Kaka alikaa ubavuni kwangu na debe tupu mapajani, anawatazama tu, hana haraka.