Nani Alimzamisha Aloo

Siku moja naikumbuka kuliko zote, mwanangu, na tangu ulipokuja hapa na simu yako ya kurekodia, ukisema unazunguka vijiji vya ziwani kutafuta ukweli wa hadithi za kale, imenirudia hata nikiwa jikoni. Nimesimama mlangoni kwa babu yangu huko Seme, mkoba begani, kiatu kimoja mguuni na kingine mkononi, naye ananiambia nikae chini. Sikukaa. Ningekaa, ningejua siku ile ile jambo ambalo nililifuata ng'ambo ya ghuba na kulipata mbele ya mtu ambaye sikutaka alisikie.

Wewe umerithi miguu yangu, ndiyo maana nakupa habari hii kabla hujaenda mbali. Miaka ile ya themanini mimi kukaa sikujua. Nilikuwa fundi cherehani Kisumu mjini, nikishona sare za shule kwenye baraza ya duka la Mama Zuhura, na jioni narudi mtaa wa Manyatta kwa shangazi. Mama Zuhura alikuwa mwenye mji, Mwislamu wa asili ya pwani na bara, na Kiswahili chake kilinifanya nione haya kufungua mdomo. Aliniita Kiguu na Njia, kwa sababu upindo mmoja wa sketi niliushona huku nimeinuka mara kadhaa kwenda kutazama nani anapiga kelele barabarani. Shangazi naye alilalamika kwamba hata usingizini nilikuwa nikitembea.

Mwamba wa Aloo umeuona mwenyewe. Umesimama majini mbele ya kijiji chetu, na wavuvi wakiupita hupunguza sauti mpaka leo. Hadithi tuliyokuzwa nayo ilikuwa hii. Baba yake babu alikuwa na binti mdogo, Aloo. Watu wa ng'ambo, upande wa Kendu Bay, walikuja na mtumbwi wakamnyakua akiteka maji. Walipofika penye mwamba ziwa likachafuka, nao wakamtupa majini ili litulie. Baba yake akalaani kwamba mtoto wa ukoo wetu hataolewa wala kuoa kijiji kile, milele. Na kwa kuwa maiti haikuonekana, walifanya kama desturi yetu inavyotaka: walizika yago. Lile tunda refu, zito, linaloning'inia mtini kwa kamba yake, unalijua. Aliyepotelea ziwani au vitani haachwi bila kaburi. Yago hulala mahali pake. Kaburi lile lilikuwa nje ya ua, wanapolazwa wasichana waliofariki kabla ya kuolewa, na tulipokuwa watoto tulikatazwa kuliruka. Kwa hiyo hadithi ilikuwa na mwamba, tena ilikuwa na kaburi. Nani angebisha?

Nilibisha mimi, kwa sababu ya Owiti.

Owiti alikuwa seremala pale sokoni Kibuye, mtu wa maneno machache na penseli sikioni. Nilimpenda, mwanangu, sikufichi. Nilimshonea mashati bila kumchukua vipimo na yakamkaa. Alipokwenda kwetu na wajomba zake kujitambulisha, mambo yalikwenda vizuri mpaka babu alipouliza kijana anatoka kijiji gani. Alipotajiwa, aliweka chini tonge lake la ugali, akanawa, akatoka nje. Alisema hapana, wala hakueleza. Baba ndiye aliyewasimulia wageni habari ya Aloo na laana, huku akiona aibu, maana hata yeye alimpenda kijana.

Jumatatu Owiti alikuja barazani akasimama kando ya cherehani yangu.

"Wazee wamekataa," akaniambia. "Sasa tutafanya aje?"

"Tutafute ukweli. Hiyo ni hadithi tu."

"Na huo ukweli ukikataa pia?"

Nilimcheka. Niliona ni swali la mtu mwoga.

Basi nikaanza. Kila nilipopata nafasi nilikuwa njiani, leo kwa mzee huyu, kesho kwa bibi yule. Mmoja aliniambia siku ile kulikuwa na dhoruba. Mwingine akasema ziwa lilikuwa shwari, ila wapiga makasia waligombana. Mmoja alisema Aloo alikuwa mwali wa kuolewa, mwingine akasema alikuwa mtoto wa kutumwa maji. Nilifurahi sana kila walipopingana, kwa sababu nilikuwa nakusanya makosa yao nikayatupe miguuni pa babu. Mama Zuhura alinisikiliza nikijigamba, akaniambia maneno ambayo sikuyajali wakati ule. "Kuuliza si ujinga, mwanangu. Lakini wewe huulizi, wewe unapekua."

Kilichonifungua macho hakikuwa maneno ya wazee hao. Binamu yangu alijifungua, tukakusanyika kumpa mtoto jina. Kwetu marehemu hapotei na jina lake. Humjia mtu ndotoni akaomba mtoto, na jina likarudi nyumbani. Wanawake walikuwa wakitaja majina ya waliotangulia, nani amekwisha pata mtoto na nani bado anangoja. Yule kaka yake bibi aliyeliwa na mamba alikuwa na watoto wenye jina lake kila boma. Shangazi aliyekufa kwa ndui naye alikuwa nao. Nikangoja wamtaje Aloo. Hawakumtaja. Msichana ambaye wavuvi wote wanamjua, ambaye mwamba mzima unaitwa kwa jina lake, hakuna mtoto hata mmoja wa ukoo wetu aliyekuwa amepewa jina lake.

Nikauliza kwa nini. Bibi mmoja akatazama mikono yake. Mwingine akaanza kusema, mwenzake akamkanyaga mguu, na mazungumzo yakahamia kwenye uji wa mzazi. Nikainuka. Marehemu huomba jina. Asiyeomba hajafa!

Nilikwenda kwa babu mbio. Nilivua viatu mlangoni kwa heshima na papo hapo nikaanza kuvivaa tena, kwa sababu nilikuwa nimekwisha panga safari ya ng'ambo. Nilimwambia, bila hata salamu iliyonyooka, kwamba Aloo hakuzama. Babu alikuwa mcheshi, mtu wa kukutania mpaka uchoke, lakini siku ile alinyamaza. Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo mkuu. Nami badala ya kuungoja huo mshindo nilikuwa nafunga kamba ya kiatu.

"Kaa chini," akasema. "Kaa nikuambie."

Nilidhani anataka kunizungusha kwa mafumbo mpaka nikose gari la mjini na feri ya kesho iniache. Nikamwambia ataniambia nikirudi. Nilipofika langoni nilisikia ananiita kwa jina langu la utotoni, na sikugeuka.

Kesho yake tulipanda feri ya Kendu Bay, mimi na Owiti. Abiria wote walikaa. Mimi nilitembea kutoka mwisho mmoja wa feri hadi mwingine, nikipanga maneno. Nilitaka kuongea na mzee kuliko wote wa kijiji chao, na Owiti akaniambia kwamba huyo ni nyanya yake, mama mzaa baba, ndiye aliyemlea. Nikamuuliza nyanya huyo aliolewa kutoka wapi. Akasema hajui, kwao husemwa tu kwamba alikuja zamani za njaa, na mtoto hamuulizi nyanya yake alikotoka wala jina lake la usichana. Nilikuwa na haraka mno hata sikuligeuza neno hilo kichwani.

Tulimkuta uani akipepeta mtama. Mwembamba, macho makali, meno yake ya chini yameng'olewa kama ya wazee wote wa rika lake. Nilisimama mbele yake nikamwaga hotuba yangu yote: mwamba, dhoruba, yago, jina lisilorithiwa. Nikasema nimekuja kujua ni nani alimzamisha Aloo, kwa sababu naamini hakuna. Alipepeta mpaka nikamaliza. Nilisema naye kwa Dholuo, na maneno yake nakupa kwa Kiswahili kama nilivyoyabeba.

"Umekuja kutafuta ukweli," akauliza, "au umekuja kutafuta ruhusa?"

"Ukweli, dani," nikajibu kwa kiburi, nikimwita nyanya kwa lugha yetu.

Akaweka ungo chini.

"Huyo Aloo alikuwa na mtoto mgongoni, mdogo wake. Je, aliishi?"

Mwanangu, katika hadithi ile hakuna mtoto wa mgongoni. Hakuna hata mzee mmoja aliyewahi kumtaja. Nilifungua mdomo nimwambie hivyo, kisha nikaitazama ile mikono iliyokuwa juu ya magoti, vidole virefu vilivyopinda kidogo kwenye ncha. Ni vidole vya babu. Ni vidole vyangu, ninavyoshikia sindano.

Owiti alikuwa amesimama nyuma yangu. Sikuhitaji kugeuka kujua kwamba anasikia. Ningeweza kusema sijui. Neno moja tu, na tungerudi na feri ya jioni, hadithi ikiwa imevunjika, laana ikiwa haina miguu, na mimi ningekuwa mke wake. Yule mama angebaki na swali lake kama alivyokaa nalo maisha yake yote. Nililitamani neno lile, nakuambia kweli, lilikuwa tayari ulimini.

"Aliishi," nikasema. "Ni babu yangu. Yuko hai."

Alijifunika uso kwa kitambaa chake cha kichwa na hakulia kwa sauti. Ndipo nilipokaa chini. Nilikaa mavumbini, viatu miguuni, na kwa mara ya kwanza maishani sikuwa na mahali pa kwenda.

Akatueleza. Ilikuwa njaa ile iliyokuja baada ya vita vya kwanza vya Wazungu. Nyumbani hakukuwa na punje, na yule mdogo wake alikuwa ameacha hata kulia. Baba yake alijua ng'ambo kuna nyumba yenye mtama. Asubuhi moja walishuka ziwani, yeye na mtoto mgongoni kama kawaida yake. Ufuoni mama yake alimfungua mtoto mgongoni, akamfunga mgongoni mwake mwenyewe, na baba akampandisha yeye, Aloo, mtumbwini. Alibaki ng'ambo, mtumbwi ukarudi na mtama. Waliomchukua walimlea, hawakumtesa, na alipokua wakamwoza kwa kijana wao. Jambo moja tu hawakuweza kumwambia ni kama mtama ule ulifika kwa wakati.

Hakuna aliyemzamisha. Baba yake aliona aibu kusema kwamba alimtoa mtoto apate chakula, akasema ziwa limemchukua, akazika yago ili asitafutwe. Lakini alijua kwamba Aloo atazaa huko, na mdogo wake atazaa huku, na iko siku vijukuu watapendana bila kujua kwamba ni damu moja. Ukweli ulimshinda kuusema, akauwekea ua. Ile laana ndiyo iliyokuwa ua. Hadithi nzima ilikuwa ya uongo, mwanangu, na katazo lake lilikuwa la kweli. Lisemwalo lipo, ila si lazima liwe mahali linaposemwa.

Kwenye feri ya kurudi Owiti alikaa benchi moja, mimi nyingine. Hakuniambia, "Si nilikuuliza?" Angeweza. Niliumia mwaka mzima, nikashona suruali za watu zikapinda, mpaka Mama Zuhura akanipeleka kwake nikale na kulala huko kwa muda.

Lakini Aloo alikuja Seme. Babu alikuwa langoni tangu asubuhi, ameshika fimbo, amevaa koti la kanisani. Kwa kuwa nyumbani kulikuwa na kaburi lake, hakupita langoni mpaka wazee walipomnyunyizia maji ya dawa za miti, maana aliyekwisha zikwa haingii hivi hivi. Alisimama kwanza penye kaburi, akauliza humo mmelala nini. Babu akamwambia yago. Akacheka, akamwambia tunda hilo limezeeka kuliko wao wawili. Kisha akamgeuza babu, mzee mzima mwenye mvi, akamshika mgongo kwa viganja viwili, kama anampima uzito. Babu alilia waziwazi. Baadaye aliniambia kwamba mama yake alimfunulia siri ile akiwa mahututi, na ndiyo aliyotaka kunipa siku ile niliyokuwa na kiatu mkononi.

Dani Aloo alifariki miaka ya tisini, kwake ng'ambo, akazikwa kwa heshima zote za mama mwenye boma lake. Nilikuwa nimeolewa na baba yako, na mimba yangu ilikuwa kubwa. Haukupita muda akanijia ndotoni na ungo wake, akasimama, akaomba. Wewe ulidhani uliitwa kwa jina la mwamba. Uliitwa kwa jina lake, wa kwanza katika ukoo. Na yule mjomba Owiti unayemtania kila Krismasi, aliyetutengenezea kabati lile la vyombo, sasa unajua ni mjomba kwa njia gani.

Basi nenda kaulize, Aloo, sikuzuii. Chunguza hadithi, pinga wazee wakikosea, hilo ni jema. Ila usiingie nyumba ya mtu na jibu lako mfukoni ukitafuta wa kulipigia muhuri. Ukiikuta hadithi ya uongo, usiitupe upesi. Uliza ilitungwa kumficha nani, au kumlinda nani, kwa sababu huenda yuko hai na huenda ni wako. Na kumbuka kwamba unayemuuliza naye ana swali lake, pengine la miaka mingi kuliko umri wako. Uwe tayari kulijibu, hata kama jibu litakugharimu.

Mungu akupe masikio yanayozidi miguu yako. Wazee wakufungulie, ziwa likuache upite uende na urudi, na jina ulilobeba likutangulie kila mlango. Ukifika kwa mtu, mwanangu, kabla hujaiwasha hiyo simu, kaa chini.