Mkanda wa Mashine ya Kahawa

Mwaka jana nilishuka Karatu, nikapita ilipokuwa kambi yetu ya shamba la kahawa bila kupatambua. Wewe unayepaona leo, penye gesti na gereji za magari ya watalii, hutaamini nikikwambia tuliishi pale.

Nilipokuwa darasa la nne, vyumba vya bati vilipangana safu kwa safu, na watu wa Singida, Dodoma na Mbulu tuliamshwa na mlio wa mashine ya kumenya kahawa. Harufu ya maganda yaliyochacha iliganda hadi kwenye sare zetu za shule. Fundi wa mashine alikuwa jirani yetu, mtu wa Singida. Kila Jumamosi mkewe alinisuka nywele huku nikitafuna karanga zake.

Asubuhi moja mashine ikawa kimya. Mkanda wa kuizungusha haukuwepo. Msimamizi akasema mwizi yumo humu humu kambini. Basi watu wakaanza kuchunguzana: nani kanunua viatu, nani anafunga mlango mchana. Mama, akichambua maharage, akaniuliza, "Wewe hujaona kitu?"

"Nilimwona fundi amebeba gunia."

Ni kweli nilimwona. Ndani mlikuwa na nini sikujua, wala sikusema kwamba sijui.

Kufikia mchana kambi nzima ilishajua. Bombani, wanawake walimpisha mke wa fundi kana kwamba ana upele. Fundi akaja mlangoni kwetu. "Shemeji, hata wewe?" Mama hakuinua macho. Jumamosi ile sikwenda kusukwa. Wiki iliyofuata walipakia vyombo kwenye lori, wakarudi kwao. Mkewe aliniita, "Njoo tuagane, mwanangu." Nikajificha nyuma ya jiko.

Mwezi haukuisha, shamba likafungwa, mashine ikang'olewa. Nikichungulia ndani ya pikapu ya msimamizi, niliuona mkanda, umekunjwa vizuri chini ya turubai. Sikumwambia mtu.

Kambi ikakatwa viwanja, mji ukaimeza, wenzangu wakatawanyika. Safari ile ya mwaka jana nilikutana sokoni na mama mmoja wa safu yetu, nikamuuliza habari za mke wa fundi.

"Wale wezi wa mkanda?"

Nikamweleza yote, palepale penye vitunguu. Alinisikiliza hadi mwisho, akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Lakini gunia si uliliona kwa macho yako?"