Siku Mama Alipohama Mstari

Kuna harufu ambayo hata leo nikiinusa barabarani karibu na Kambu, hunirudisha utotoni. Ni harufu ya taka za mkonge zilizooza, chachu kama uji uliosahaulika juani, nzito kiasi kwamba unaweza kuionja. Abiria wa Mombasa hufunga madirisha ya basi. Mimi nililelewa ndani yake. Tuliishi kwenye nyumba za laini za shamba kubwa la mkonge, chumba kimoja cha mabati kwa watu sita, na harufu ile ilikaa kwenye nguo zetu, kwenye maharagwe, hata kwenye kitambaa cha kichwa cha mama siku ya kwenda kanisani.

Baba yangu, Mutua, alikuwa akilisha mashine ya kuchambua majani. Mashine ile ilikuwa imemla vidole viwili vya mkono wa kushoto kabla sijazaliwa. Kwa kuwa baba za majirani zetu nao walikuwa na mapengo yao, nilikua nikidhani wanaume huzaliwa na vidole kumi kisha hupungua kadiri wanavyozeeka, kama meno.

Kila Jumapili baada ya ibada, mjomba Kioko, mdogo wake mama, alikuja kwa baiskeli kutoka Makindu, alikokuwa mwalimu wa shule ya msingi. Ujanani alikuwa amevuka mpaka akafanya kazi Tanzania, katika shamba la mkonge lililochukuliwa na serikali. Alirudi amekonda, na maneno mengi. Yeye na baba walikaa mlangoni juu ya vibao, mama akipukuchua mbaazi kati yao, na ubishi ukaanza.

"Kule, shemeji, shamba lilikuwa mali ya umma," mjomba alisema. "Nyapara akitutukana tunaitisha mkutano."

"Na sabuni mlikuwa nayo?"

"Sabuni ilikuwa haba."

"Na sukari?"

"Walikosea mambo mengi, nakubali. Lakini mtu aliyepanga vibaya si sawa na mtu anayekuibia. Hapa sukari imejaa dukani na wewe unainunua kwa kijiko."

"Hata kwa kijiko, chai yangu ni tamu," baba alisema, akainywa kwa sauti ili mjomba asikie.

Swali lililomkera mjomba kuliko yote lilikuwa la kura. Hakuelewa kwa nini wafanyakazi wa shamba, wengi kama mchwa, walimpigia kura mtu wa meneja kila uchaguzi. Siku moja alimshika baba mkono ule wa kushoto. "Vidole hivi vilienda Ulaya pamoja na kamba. Na bado unamchagua aliyevipeleka."

Baba aliuvuta mkono wake. "Vidole ni vyangu. Usivifanyie siasa."

Mama aliendelea na mbaazi. Sikumbuki hata siku moja ambapo mmoja wao alimwuliza yeye anaonaje.

Nilipokuwa na miaka kumi, uchaguzi ulikuja kwa njia mpya. Hakukuwa na karatasi wala sanduku. Ulipiga kura kwa kusimama nyuma ya picha ya mtu wako, mchana kweupe, kila mtu akikuona. Mtu wa meneja alikuwa mfanyabiashara aliyetuahidi mfereji wa maji tangu nikiwa mtoto wa mgongoni. Aliyeshindana naye aliitwa Nzioka, karani wa zamani wa shamba, aliyefukuzwa kwa kusema hadharani kwamba wakataji wanapunjwa. Mjomba alimfanyia kampeni kila jioni, kwa baiskeli, laini hadi laini.

Siku mbili kabla ya kura, Musau, nyapara wa kiwandani, alipita mlango kwa mlango. Alikuwa mpole siku hiyo. "Mutua, nyumba hii ni ya shamba, unajua. Kesho kutwa nitakuwa kiwanjani. Sitasema kitu. Nitaangalia tu."

Kura ilipigiwa kwenye kiwanja cha shule yetu. Mama alikwenda na mdogo wangu Muli mgongoni, nami nikafuata ili nimshike akilia. Baba na mama walisimama nyuma ya picha ya mfanyabiashara. Mstari wa Nzioka ulikuwa hatua chache kando yetu, na mjomba alikuwa karibu na mbele, shati jeupe, akitabasamu kama bwana harusi. Tulitazamana naye. Baba aliinamisha macho akatazama viatu vyake.

Jua lilipopanda, mstari wa Nzioka ulikuwa umefika kwenye ukuta wa vyoo ukakunja kona. Wetu haukufika hata nusu. Hata mtoto aliona. Musau pia aliona. Alitembea mpaka kwenye lori lililoegeshwa getini, akagonga ubavu wake mara mbili, na vijana wakaruka chini na rungu na visu vya kukatia mkonge.

Hawakupiga kelele, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Walianza nyuma ya mstari wakaja mbele, wakiwapiga watu kwenye magoti na viwiko, kama watu waliopewa kazi ya kufyeka. Mzee mmoja wa kanisa letu alianguka na Biblia kwapani. Mwanamke alitambaa akitafuta meno yake mchangani. Watu walitawanyika, isipokuwa mjomba na wachache wa mbele, waliokaa chini na kushikana mikono. Kijana mmoja, ambaye mjomba mwenyewe alimfundisha kusoma, alimpiga rungu la uso. Nilisikia mlio wa pigo lile, kama kibuyu kinachopasuka. Shati jeupe likawa jekundu mpaka kiunoni.

Mstari wetu ulisimama kimya. Baba hakusogea.

Ndipo mama akafungua leso, akamshusha Muli, akamweka mikononi mwa baba bila neno. Akatembea. Mimi niling'ang'ania sketi yake, kwa hiyo nilitembea naye. Alisimama nyuma ya mjomba, mahali ambapo mstari ulikuwa umekatika, mgongo wake wima kama yuko kanisani. Mwanamke wa meno akaja akasimama nyuma yake. Kisha mwingine.

"Mama, rudi kwa bwana yako," kijana mmoja alimwambia.

"Huyu ni ndugu yangu," mama alisema. "Na mimi nimepiga kura."

Walimpiga kwenye sikio. Alipoanguka, alinifunika, na mapigo yaliyobaki niliyasikia kupitia mwili wake. Moja lilimpita likanivunja mfupa wa bega. Kupitia kwapa lake nilimwona baba, amemkumbatia Muli, mdomo wazi, miguu yake palepale.

Mfanyabiashara alitangazwa mshindi. Mjomba alipoteza jicho, kisha akafungwa miezi kadhaa kwa kosa la kuvuruga uchaguzi. Sikio la mama halikusikia tena. Na wiki hiyohiyo Musau alituletea amri ya kuhama, ingawa baba alikuwa amesimama alipoambiwa mpaka mwisho. Tulihamia Matinyani, kwenye kipande cha shamba la babu, tukalima mtama na kunde.

Mjomba alipotoka jela alikuja kutuona. Nilitarajia amtukane baba. Nilimtaka amtukane. Badala yake alikaa naye, akasema taratibu, "Jumapili zote zile nilikueleza ungepata nini. Sikukuuliza hata mara moja ungepoteza nini." Mimi nilimwona mjomba dhaifu, na baba nikamwona mwoga, na nilimsalimia kwa ncha ya ulimi mpaka nilipoolewa.

Baadaye nilikuwa mwalimu. Walimu tukagoma, na asubuhi moja mkuu wa shule akaniita kando, akaniuliza kama nadhani kazi yangu itaningoja. Nilikuwa na watoto wawili na mume mgonjwa. Niliingia getini nikafundisha, wenzangu wakinitazama kutoka ng'ambo ya barabara. Hakuna aliyenigusa.

Likizo ya Desemba nilikwenda Matinyani. Baba alikuwa akinywesha mbuzi. Nilimweleza yote. Alisikiliza mpaka ndoo ikaisha maji.

"Walikupiga?" aliuliza.

"Hapana, baba."

Alikaa juu ya jiwe. "Mimi pia hawakunipiga," alisema. "Mama yako huwaonyesha watu sikio lake. Anawaambia lilivyoacha kusikia, na wanamheshimu. Mimi ningewaonyesha nini?"

Nilitaka kumwambia kwamba sasa naelewa, lakini nilijua amengoja neno lingine tangu nikiwa na miaka kumi. Nilipiga magoti mchangani mbele yake, nikamwomba anisamehe.